Dagaa ofisini bila ugomvi: namna ya kula chakula chenye harufu kwenye jiko la watu wengi

Jiko la ofisini kwetu ni chumba cha hatua nne kwa tatu, ghorofa ya 6, maeneo ya Posta, Dar es Salaam. Kuna sinki moja, friji moja, maikrowevu moja, birika la umeme, na dirisha lisilofunguka, maana aliyejenga jengo hili aliamini kiyoyozi hakifi. Watu 32 wanakula humo kati ya saa saba na saa nane mchana. Mimi ndiye mhudumu. Napika chai ya saa nne, naosha, nafuta, nasikia ya watu. Huu mwaka wa 13. Wananiita Mama Kigoma, na jina hilo halikuanza kwa wema.

Mwezi wangu wa pili kazini nilikuja na migebuka. Kwa asiyemjua, mgebuka ni samaki wa Ziwa Tanganyika, mwembamba, mwenye mafuta yake, na sisi watu wa Ujiji tukimkosa wiki mbili tunaanza kumuota. Mdogo wangu alinitumia kwa treni, wamekaushwa kwa moshi, nikawaunga usiku kwa mawese na nyanya. Mchana nikaingiza bakuli kwenye maikrowevu, dakika 4, moto wote, sikufunika. Sikujua kwamba siku ile kulikuwa na wageni kwenye chumba cha mikutano, wala sikujua kwamba ukuta kati ya chumba kile na jiko haufiki juu. Wageni hawakusema kitu. Kesho yake asubuhi nikakuta karatasi mlangoni, herufi kubwa: SAMAKI NA DAGAA MARUFUKU. Haina jina, haina sahihi.

Miezi sita nilikula mihogo ya kuchemsha. Karatasi haikuniuma kwa sababu ya njaa. Iliniuma kwa sababu mwandishi wake alikuwa mmoja wa wale 32, kila siku nampa chai, na sikujua ni yupi.

Ilibanduliwa na mkuu mpya wa utawala, dada wa Bukoba, aliyefika mwezi wa 11 na kopo la senene mkononi. Alisimama mlangoni akaisoma, akaniuliza, "Mama, hii imeandikwa na nani?" Nikamwambia sijui. Akaing'oa na gundi yake. Kisha akaniambia neno ambalo ndilo limenifanya niandike haya: "Hatuwezi kukataza watu chakula cha kwao. Tafuta namna." Nikatafuta. Namna yenyewe ni kwamba ugomvi wote wa jikoni hausababishwi na samaki, unasababishwa na mvuke wa samaki. Ukiuweza mvuke, utakula chochote.

Kwanza ujue harufu inakwenda wapi

Fundi aliyekuja kusafisha chujio za viyoyozi alinieleza kitu nilichokuwa sikijui. Hiki kiyoyozi cha ukutani hakileti hewa ya nje. Kinavuta hewa ile ile ya chumbani, kinaipoza, kinairudisha. Lile boksi la nje linatupa joto tu. Kwa hiyo harufu ya saa saba inazunguka humo humo hadi saa kumi, inakaa kwenye zulia, kwenye mapazia, kwenye koti la mhasibu lililotundikwa nyuma ya kiti. Mtu akirudi nyumbani mkewe anamuuliza leo ulikuwa Feri, soko la samaki?

Maikrowevu nayo ina feni ndani. Ukipasha bila kufunika, feni ile inausukuma mvuke kupitia vitundu vya pembeni wakati chakula bado kinazunguka. Wengi wanadhani harufu inatoka ukifungua mlango. Hapana, ilishatoka zamani.

Kazi kubwa inafanywa nyumbani, usiku

Nitaeleza kwa dagaa kwa sababu ndio ninaowajua, lakini ng'onda, papa mkavu na kambale wa moshi wanafuata njia hiyo hiyo.

Chambua. Toa kichwa na ule utumbo mweusi, mmoja mmoja, ukiwa umekaa mbele ya taarifa ya habari. Uchungu na harufu nzito viko humo. Wenye haraka wanaruka hatua hii halafu wanashangaa. Kisha maji ya moto, si ya vuguvugu: mwaga juu yao, koroga, waache dakika 2, watoe kwa mkono bila kumimina, maana mchanga uko chini. Rudia. Dagaa wa Mwanza mara nyingi wanataka mara ya tatu, na hilo nalisema bila ubaguzi wowote.

Sasa kikaango kikavu, moto mdogo, bila mafuta. Wageuze mpaka uwasikie wanalia kwenye kikaango kama bisi ambazo hazijapasuka. Hapa ndipo siri ilipo. Harufu itakayotoka leo kwenye kikaango chako, nyumbani kwako, dirisha wazi, haitatoka kesho ghorofa ya 6. Jirani yako anaweza kukohoa, lakini jirani ana madirisha.

Baada ya hapo ndimu. Kijana mmoja aliyesoma kemia, alikuwa kwetu kwa mazoezi ya kazi, aliniambia kwamba lile shombo la samaki wa baharini linatokana na kitu kinachoitwa traimethilamini. Samaki akishakufa, bakteria wanakitengeneza, na kwa kuwa ni chepesi kinapaa kwenda puani. Ndimu, siki au ukwaju ni asidi; asidi inakikamata kisipae. Bibi yangu hakusoma kemia ila ndimu hakuisahau. Samaki wa maji baridi kama dagaa wetu hawana sana kitu hicho, harufu yao zaidi ni mafuta yaliyochakaa kwa jua, na hayo ndiyo unayapunguza kwa maji ya moto na kikaango. Basi fanya yote mawili, hupotezi kitu.

Mwisho, wakaange kwa mafuta kidogo na kitunguu, karoti, pilipili hoho, wakauke. Dagaa wa ofisini wasiwe na mchuzi. Rosti la dagaa ni tamu, nakubali, lakini ni la Jumamosi.

Na sasa faida: dagaa wakavu hawahitaji kupashwa. Nakuja nao kwenye kibakuli kidogo, napasha ugali peke yake, nimeunyunyizia maji kidogo na kuufunika. Ugali ukiwa wa moto, dagaa aliyepoa anakolea. Nimewafundisha hivi watu wanane pale ofisini. Kati yao mmoja ni Mchaga ambaye alikuwa akiapa hawezi kukaa chumba kimoja na dagaa.

Chombo

Chakula cha mawese usikitie kwenye plastiki. Ile rangi ya chungwa haitoki, na harufu nayo haitoki, na kesho ukitia humo matunda yatakuwa matunda ya migebuka. Bakuli la kioo lenye mfuniko, au hotipoti ya chuma ndani. Halafu kitu ambacho karibu kila mtu anakisahau: ule mpira wa kwenye mfuniko. Utoe kwa ncha ya kisu, uuoshe peke yake kwa sabuni, uanike. Niliwahi kulalamikiwa friji linanuka wiki nzima, nikatoa kila kitu, nikakifuta kila kitu, kumbe ni mpira wa hotipoti moja nzuri ya bei mbaya.

Friji

Feri si mbali na ofisini kwetu, unakwenda kwa miguu mchana na kurudi. Kwa hiyo tuna tatizo ambalo ofisi za Tegeta hazina: mtu anakwenda Feri saa saba, anakuta kibua wa bei nzuri, anarudi naye ofisini akae kwenye friji hadi saa kumi na moja. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Juni 1, 2019, samaki anakuja ndani ya ule mfuko mbadala wa kitambaa, ambao kwa nguo ni mzuri na kwa samaki unavuja kama kichujio. Maji yanashuka rafu kwa rafu mpaka kwenye maziwa ya chai.

Simkatazi mtu. Ila ndoo ndogo yenye mfuniko ipo chini ya sinki, nyekundu, nimeiandika SAMAKI WABICHI kwa rangi ya kucha. Samaki anaingia ndani ya ndoo, ndoo inaingia rafu ya chini kabisa, na mwenyewe anaondoka nayo tupu kwenda kuiosha, si mimi. Awe ameparuliwa na kutolewa matumbo huko huko Feri, wapo vijana wanaofanya kazi hiyo palepale. Aliyekuja na samaki mzima akitaka kumparua kwenye sinki letu, siku hiyo atanijua mimi ni wa Kigoma kweli.

Umeme ukikatika, chochote cha nazi kiondoke kwanza. Wali wa nazi, kisamvu, maharage ya nazi: hivi havingoji. Jenereta letu linawasha kompyuta na taa, friji halimo. Baada ya saa tatu bila umeme mimi napita meza kwa meza nauliza nani ana nazi.

Kwenye rafu ya chini naweka vipande vitatu vya mkaa kwenye kisahani, nabadilisha kila mwezi. Vinasaidia kiasi. Havimwokoi mtu aliyesahau mtindi.

Maikrowevu, kwa wanaotaka mchuzi wao wa moto

Haya, umekuja na nguru wa nazi na huwezi kumla baridi. Fanya hivi. Tenganisha: wali kwenye sahani, samaki kwenye bakuli. Wali upashe unavyotaka. Samaki mkamulie nusu ndimu, mfunike kwa sahani iliyogeuzwa, si tishu, tishu haizuii kitu. Punguza nguvu ya mashine hadi nusu. Dakika 1, simamisha, koroga mchuzi, dakika 1 tena. Mashine ikilia USIFUNGUE. Hesabu hadi 60 au soma meseji zako. Mvuke unarudi kuwa maji chini ya ile sahani ya juu. Ukifungua mara tu inapolia, unaumwaga wote usoni mwa aliyesimama nyuma yako kwenye foleni, naye ana njaa na hasira.

Unachotafuta ni samaki wa vuguvugu. Samaki aliyechemka mara ya pili kwenye maikrowevu anakuwa mgumu, anakuwa na ladha ya jana, na harufu yake ni ya jana pia. Moto mkali unamharibu yeye na unakuharibia wewe jina.

Yai la kuchemsha, kamwe, lenye ganda au lisilo na ganda. Linapasuka. Tulishaokota yai juu ya kabati. Na yai lililochemshwa mno, lile lenye pete ya kijani kuzunguka kiini, lina harufu ya salfa ambayo watu wataidhania kitu kingine na kutazamana. Chemsha dakika 9 au 10, litie kwenye maji ya baridi, limenye nyumbani.

Ukishamaliza, futa juu. Narudia, juu, dari ya ndani ya mashine. Watu wote wanafuta sahani inayozunguka kwa sababu ndiyo inayoonekana, mafuta yamejificha darini, na kila anayepasha baada yako anapasha samaki wako upya. Mara moja kwa wiki mimi natia kikombe cha maji kwenye bakuli, ndimu mbili zilizokatwa na maganda yake, kijiko cha mbao ndani ili maji yasiruke ghafla, dakika 3 au 4 mpaka mvuke ujae. Naacha mlango umefungwa dakika 5 nyingine, kisha kitambaa kinapita kama kwenye kioo. Sitii sabuni.

Manukato ya kopo usipulize. Dagaa na waridi vikichanganyika vinazaa kitu cha tatu ambacho hakina dawa. Udi nao, dada mmoja wa Tanga aliujaribu kwa nia njema kabisa, kengele ya moshi ikalia, ghorofa zote 9 zikashuka ngazi.

Saa ya kupasha, na kuwaambia watu

Mwenye chakula cha harufu asiwe wa kwanza. Saa saba watu wamejaa, mlango wa jiko unafunguka na kufungwa, na wenye wali wao wa maharage wanasubiri. Ngoja saa nane kasorobo. Foleni imekwisha, mlango unaweza kuufunga, na waliobaki ni wale wanaokula polepole na hawana neno.

Na useme. Sisi tuna kundi la WhatsApp la ofisi, kazi yake hasa ni kuulizana nani kachukua chaja. Kabla sijapasha migebuka naandika: "Jamani, saa nane kasorobo napasha samaki wa kwetu, dakika mbili tu. Asiyependa avute mlango." Tangu nianze kufanya hivyo sijapata lalamiko hata moja, na mara mbili watu wamekuja na vijiko. Harufu uliyoambiwa inavumilika kuliko harufu iliyokuvamia.

Mjamzito ana haki kuliko wote. Dada wetu wa mapokezi alipokuwa na mimba changa hakuweza hata harufu ya kitunguu kinachokaangwa ghorofa ya chini. Hakutangaza, nani anatangaza mimba ya wiki nane? Mimi niliona tu anakimbia chooni kila saa saba. Sikumuuliza. Nikawaambia wenzangu wa samaki kwamba mashine ina hitilafu kidogo, mchana tule vya baridi kwa muda. Hitilafu ilidumu hadi mimba ilipofika mwezi wa nne. Ukiwa na mwenzako wa hivyo, funga mdomo na ule vya baridi.

Ramadhani wenzetu waliofunga wanakaa pale pale mezani mwao tangu asubuhi. Kula, hakuna anayekukataza, ila kula jikoni na mlango umefungwa, si mezani kwako ukiwa na mshikaki mkononi. Kuanzia saa tisa usipashe chochote. Saa zile za mwisho ndizo ngumu, kichwa kinauma, na kitunguu saumu kinaingia hadi kwenye mfupa. Wao wakibaki kufuturu ofisini tambi na uji wa pilipili manga huwa tunapewa wote.

Kitimoto, yaani nyama ya nguruwe, ni habari nyingine, hapo suala ni usafi wa dini na ndimu haisaidii. Kisiingie kwenye maikrowevu ya wote wala kwenye vyombo vya wote. Kikija, kije kwenye chombo chake, kiliwe baridi au kiliwe nje. Hili halina mjadala wa nusu ya moto.

Kumwambia mwenzako

Kiswahili kimetupa tahadhari ndani ya neno lenyewe: kunuka na kunukia vinatofautiana herufi moja. Usimwambie mtu chakula chake kinanuka. Kina harufu, kinasikika, kimefika mbali, sema yoyote kati ya hizo. Ukisema kinanuka umemtukana mama yake aliyempikia, au mkewe, na amani haitarudi kwa ndimu.

Umwambie peke yake, na kabla ya kitu kingine mfanye acheke. Kwa kijana mimi husema: "Kaka, chakula chako leo kimefika hadi uhasibu. Kesho nigongee mimi nikupashie, kuna namna yake." Basi. Hajaambiwa aache, ameambiwa kuna namna, na nimejitolea kumwonyesha.

Kwa mkubwa huanzi na harufu kabisa. Tulikuwa na mzee wa masijala, karibu kustaafu, kila Jumatano ng'onda. Nilimfuata mezani kwake. "Shikamoo mzee." "Marahaba, Mama Kigoma." "Mzee, ng'onda wako unamtoa wapi? Maana wa sokoni kwetu hawana ladha." Akaniambia anamtoa Mafia, kwa shemeji yake, na hapo tukazungumza Mafia nusu saa. Ndipo nikamwuliza shemeji huko anamroweka kwenye kitu gani kabla ya kupika. Akasema kwa maji ya ukwaju usiku kucha. Akanyamaza. Akacheka. "Wewe mwanamke umenizunguka." Jumatano iliyofuata alikuja na ng'onda aliyerowekwa, na kipande kimoja kilikuwa changu.

Ukiambiwa wewe, jibu ni moja: "Samahani, sikujua, kesho nitafunika." Usiulize kama kwao hawali samaki. Usianze kutaja harufu za wengine. Hata kama unazijua, na mimi nazijua zote.

Maana lipo hili pia. Kwa miaka miwili tulikuwa na mtaalamu kutoka Ulaya aliyekuwa na jibini lake kwenye friji, la rangi ya buluu, limefungwa kwenye karatasi. Lile jibini, Mungu anisamehe, lilikuwa na harufu ya soksi za mgambo. Hakuna aliyebandika karatasi. Kila mtu alifungua friji akashika pumzi akatabasamu. Harufu ya bosi inaitwa utamaduni na ya mhudumu inaitwa uchafu, hivyo kabla hujalalamikia dagaa jiulize ungemwambia nani kama wangekuwa wa mkurugenzi. Yule bwana nilimwambia mimi, kwa Kiingereza changu cha kuokoteza, nikampa kopo la kioo lenye mfuniko wa kubana. Akashukuru sana. Alikuwa hajui, miaka miwili, hakuna aliyemwambia.

Vingine, kwa haraka

Kabichi ya kupashwa ni salfa tupu, lete kachumbari. Fenesi limenye nyumbani, lete kokwa zenyewe kwenye kopo, maganda yasiingie ofisini. Duriani, watu wa Unguja mnisamehe, mle barazani kwenu. Supu ya utumbo ni ya asubuhi na ni ya kibandani, pale kwa mama ntilie ndipo inaponoga. Senene hawana tatizo lolote, anayelalamika anawaonea wivu. Bisi zilizoungua ndizo mbaya kuliko samaki wote niliowahi kupasha: zinakaa siku mbili, na aliyeziunguza huwa hajulikani.

Mifupa na mabaki ya samaki yasilale kwenye kapu la jikoni. Yafunge kwenye gazeti, gazeti kwenye karatasi ya kaki, na uyashushe mwenyewe hadi pipa la chini ukienda kupanda daladala. Hasa Ijumaa. Jengo linazimwa viyoyozi Ijumaa saa kumi na mbili jioni na kuwashwa Jumatatu saa moja, na kichwa kimoja cha samaki kwa muda huo kinatosha kuwakaribisha watu wote 32.

Kwa hiyo Ijumaa saa kumi mimi nafungua friji nasoma majina. Kila chombo kina kipande cha plasta na jina la mwenyewe, plasta na kalamu ziko juu ya friji. Chenye jina nampigia mwenyewe simu. Kisicho na jina nakimwaga, naosha chombo, nautoa ule mpira nauosha peke yake, nakianika kwenye kamba juu ya sinki. Jumatatu mwenyewe anakuja kukichukua anaangalia chini. Namwamkia, nampa chai.